Uongo Wangu kwa Fundi Mutua

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Mackinnon Road kumzika Mutua. Mkewe, Ndunge, alinipigia simu mwenyewe, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza: "Mwanaisha, mwalimu wako ametangulia. Tunamzika Jumamosi." Nikafunga karakana yangu ya Ukunda siku hiyo, jambo ambalo silifanyi hata wakati wa mvua kubwa. Pale kaburini, kwaya ilipomaliza kuimba, mchungaji aliuliza kama kuna yeyote aliyefundishwa kazi na marehemu, naye angependa kusema neno. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kusimulia habari za mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja, lakini nilipowaona watu wale wote chini ya turubai wakimtazama mwanamke wa Kidigo mwenye buibui na kucha zenye grisi isiyotoka, maneno yakanikimbia. Nikasema tu, "Alinifundisha kazi, na alinivumilia," nikakaa. Tangu siku hiyo sijatulia. Nilichoshindwa kukisema pale nakiandika hapa.

Mwaka ule nilikuwa nikikaa Bongwe kwa dada yangu Riziki. Mumewe, Omari, alikuwa baharia wa meli za mizigo, na kabla hajaondoka alikuwa amenifundisha kuendesha gari lake, stesheni wagoni nyeupe iliyokwisha zeeka lakini yenye injini nzima. Hakunifundisha kwa anasa. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa njiani, karibu na Gazi, kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi lililochelewa kupatikana, na hakulia. Sasa Riziki alikuwa na mimba nyingine, na daktari wa Msambweni alikuwa amemwambia kwa maneno yasiyo na pambo: uchungu ukianza tu, usingoje, njoo, huenda tukahitaji kukupasua. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijatufikia. Kulikuwa na rai ya kumhamishia kwa jamaa zetu wa Msambweni akakae huko mpaka siku zake zitimie, lakini watoto wa nyumba ile waliugua surua, mmoja baada ya mwingine, rai ikafa. Tukabaki na gari, na dereva wa gari ni mimi. Siku ya kuondoka Omari alibadilisha mafuta, akatia na waya mpya za plagi, zote nne, akanikabidhi funguo mbele ya mama yake. "Nakuachia watu wawili," akaniambia, na mama yake, Bi Fatuma, akatazama pembeni.

Bi Fatuma alikuwa akilala chumba kilichopakana na jiko, na ukuta wa baina ya jiko na chumba haukufika darini. Kila kilichosemwa upande mmoja kilisikika upande wa pili. Asubuhi moja nilikuwa nimechuchumaa nikikuna nazi, naye alikuwa na jirani wakinywa chai. Nikamsikia akisema, "Omari akirudi atalikuta gari lake limekuwa banda la kuku. Vumbi mpaka ndani ya injini. Mtoto wa kike ajua kukanyaga, kutunza ajua wapi?" Jirani akacheka. Mimi nikaendelea kukuna mpaka nikakuna na kifuu. Mchana wao walipolala nikachukua ndoo mbili za maji, sabuni ya kufulia na gunia kuukuu, nikafungua boneti, nikaosha injini kama mtu aoshaye sufuria la harusi. Iling'aa. Lakini nilipotaka kuwasha haikuwaka, na hofu ikanipanda kichwani. Nilikuwa nimemwona Omari akizichomoa zile waya za plagi kuzipangusa, basi nami nikazichomoa. Yeye alizishika kwenye zile kofia za mpira zilizo kwenye ncha ya kila waya, pale chini. Mimi nilizivuta kwa waya yenyewe, kwa mikono miwili, na ya tatu ilikuwa ngumu, nikaivuta na kuizungusha kama ninayeng'oa mhogo. Nikazifuta, nikazirudisha, gari likawaka. Nikafunga boneti. Sikumwambia mtu.

Siku nne baadaye, nikimpeleka Riziki kliniki, tulipoingia lami pale Ukunda nikakanyaga mafuta ili niwahi nafasi, na gari likapasua kama bunduki. Pa! Watu waliokuwa kando ya barabara wakainama. Riziki akashika tumbo kwa mikono miwili. "Nini hicho?" akauliza. Nikasema pengine ni jiwe. Nikakanyaga tena, pa! pa! na gari likashtuka kama punda aliyepigwa, likapoteza nguvu, kisha likaendelea. Nikiendesha polepole lilinyamaza, na likisimama na injini ikiunguruma hukusikia kasoro yoyote. Kila nilipohitaji mbio ndipo lilipogoma. Tulikwenda Msambweni na kurudi kwa mwendo wa baiskeli, malori yakitupigia honi nyuma, na njia nzima sikufikiri neno jingine ila lile alilosema daktari: usingoje.

Fundi wa kwanza alisema ni plagi, akabadilisha. Wa pili akasema eksozi imetoboka, akaichomelea. Kila mmoja alijua kabla sijamaliza kueleza, na kila mara gari lilitoka likiwa limenyamaza kwa sababu nililitoa pole pole, kisha likapasua nilipofika barabarani. Nyumbani Riziki alianza kula kidogo. Nilimpikia wali wa nazi na samaki wa kukaanga, chakula alichokipenda kuliko vyote, akachambua miiba muda mrefu kisha akasukuma sahani. Jioni zile tulikaa sebuleni watu watatu, na gari lolote likipita njiani na kupiga kelele sote tulinyanyua vichwa. Nikamsikia tena Bi Fatuma nyuma ya ukuta, safari hii akiwa peke yake juu ya msala, akiomba kwa sauti ya chini: "Ya Rabi, si njiani tena. Popote utakapo, si njiani." Nilikuwa nimezoea kumwogopa. Usiku huo ndio niliojua kwamba yeye naye alikuwa akiogopa, na kwamba ndiye aliyekuwa pale Gazi na kitoto kile mapajani.

Mutua alikuwa na kibanda cha mabati nje kidogo ya Ukunda, kando ya njia ya kwetu. Alikuwa Mkamba wa Mackinnon Road, mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, asiye na maneno mengi, na watu hawakumpelekea magari sana kwa sababu, walivyosema, alichelewa. Nilimweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilinishangaza, kisha akasema, "Washa." Akasimama mbele ya injini iliyo wazi huku mimi nakanyaga, kisha akaenda nyuma akachutama karibu na bomba la eksozi. Tukatoka naye barabarani, mimi nikiendesha, yeye ametoa kichwa dirishani kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Pa! Akaniashiria nirudi.

"Inapasukia nyuma, si mbele," akasema. "Ingekuwa mbele, kwenye kabureta, ningesema inakosa petroli. Hii petroli inafika, lakini haichomeki yote kule ndani. Inatoka mbichi, inaenda kushika moto kwa eksozi. Ndiyo hiyo pa."

"Basi ni nini, fundi?"

"Sijui bado."

Hakuna fundi aliyewahi kuniambia hivyo. Nilichukia, nikaona nimeangukia mtu asiyejua kazi. Akapitisha tochi juu ya injini, akaziona zile waya, mpya, safi, zinang'aa. Akaniuliza, "Kuna mtu alishika hapa kabla hii kelele ianze? Alifungua kitu, alivuta kitu?"

Nikasema, "Hapana."

Nimejiuliza mara nyingi jibu lile lilitoka wapi. Sikulipanga. Nafikiri nilimwona Bi Fatuma mbele ya macho yangu, na Omari akinikabidhi funguo, na nikaona kwamba nikisema ndiyo, basi kila kilichofuata, kila mpasuko, kila sahani iliyosukumwa, kitakuwa changu. Mutua akaitikia kwa kichwa, akaamini. Na kwa kuwa aliamini, akaziacha zile waya na kwenda kutafuta kwingine.

Alitafuta siku tisa. Nilikuwa nikimpelekea gari asubuhi baada ya kumpikia Riziki chai na mahamri, na kulirudisha kabla ya jua kutua ili lisilale mbali na nyumba. Mutua alifungua kabureta akaisafisha tundu kwa tundu. Akabadilisha kichujio cha petroli. Akapima majira ya moto, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, akasogeza, akarudisha. Adhuhuri Ndunge alileta mahindi ya kukoboa yaliyochemshwa na maharage, tukala sote watatu kutoka bakuli moja, na Mutua alikula akiitazama injini, akisimamisha kijiko hewani. Siku ya sita akaniuliza tena, akiwa amenipa mgongo: "Una hakika hakuna mtu alishika?" Nikasema nina hakika. Uongo wa pili ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza, na huo ndio ulionitisha. Nilianza kukosa usingizi. Nilihesabu majuma aliyobakiwa nayo Riziki, kisha nikayahesabu upya nikitumaini nimekosea. Kazi nikawa naijua kidogo kidogo, kwa kuwa nilikaa pale nikitazama na yeye hakunifukuza. Nikajua spana ipi ya wapi, nikajua sauti ya silinda zote nne zikifanya kazi vizuri, na sauti ya mojawapo ikisita. Lakini kila nilichojifunza kilinionyesha wazi zaidi nilichokifanya. Kufikia siku ya nane nilikuwa na yakini, kama unavyojua jiwe lililo ndani ya kiatu chako, kwamba ni ile waya ya tatu. Nami nikanyamaza.

Siku ya tisa nilimwacha Riziki amesimama jikoni, ameegemea meza, macho kayafumba. "Si kitu," akasema, "mgongo tu. Nenda, rudi mapema." Nilipofika kibandani nikamkuta Mutua ametandika gunia safi chini na kupanga spana zake mstari mmoja. Hakuwa amelala vizuri, macho yake yalikuwa mekundu.

"Imebaki kitu kimoja," akasema. "Vali. Labda moja imeungua. Leo nafungua kichwa cha injini."

"Kwa siku ngapi?"

"Tatu. Nikikosa gasketi hapa, nitume Mombasa, labda tano."

"Na gari?"

"Gari itakuwa hapa chini, vipande."

Akainama, akatia spana kwenye boliti ya kwanza. Nikaisikia ikilia, ile kelele ya chuma kilichokaa miaka bila kuguswa. Nikamwona Riziki na meza ile.

"Fundi, ngoja."

Akainua kichwa.

"Nilishika mimi," nikasema. "Niliosha injini kwa maji. Ikakataa kuwaka. Nikazichomoa waya za plagi. Ile ya tatu niliivuta kwa nguvu."

Akaiweka spana juu ya gunia, mahali pake kwenye mstari, akatoka nje. Nikamsikia akinawa mikono kwenye pipa, kwa muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. Nikadhani hatarudi, au akirudi ataniambia nichukue gari langu niondoke, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Aliporudi alisimama mbali kidogo nami.

"Nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza mara mbili."

"Ndiyo, fundi. Nisamehe."

"Dada yako yuko na siku ngapi?"

"Pengine hana."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Hakunijibu kuhusu msamaha, wala hakuwahi kunijibu baadaye, hata katika miaka yote aliyonifundisha kazi. Akaikaza tena ile boliti, akaichomoa waya ya tatu kwa kushika kofia yake, taratibu, akaipitisha baina ya kidole gumba na cha shahada kuanzia juu hadi chini. Karibu na mwisho akasimama. Akanipa niguse. Nje ilikuwa nzima, inang'aa, lakini ndani palikuwa na mahali palipolegea, kama kidole kisicho na mfupa. Akaichana kwa wembe. Uzi wa katikati ulikuwa umekatika, na ncha zake zote mbili zimeungua zikawa nyeusi. "Ukienda polepole, cheche inaruka huu mwanya," akasema. "Ukikanyaga, injini inataka moto mkali, cheche inashindwa." Akaitupa kando, akatoa nyingine kutoka gari lililokufa nyuma ya kibanda, akaipima, akaitia. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. "Twende Kwale," akasema. "Kile kilima ndicho kitasema."

Nimekipanda kilima kile cha Kwale mara nyingi tangu hapo, na kila mara mguu wangu wa kulia hukumbuka. Mutua alikaa kando yangu, mikono magotini. Pale njia inapoanza kuinuka akasema, "Kanyaga," nami sikuweza, mguu ulikataa, nikawa nangojea ule mlio mpaka mabega yangu yakauma. "Kanyaga," akasema tena, bila ukali. Nikakanyaga. Injini ikanguruma, gari likachapuka, minazi ikaanza kubaki chini yetu, na hakukuwa na mlio. Tukafika juu. Nilipozima injini nilikuwa nikilia, na Mutua akafungua mlango akashuka akajifanya anakagua magurudumu, moja moja, mpaka nikamaliza.

Riziki alishikwa na uchungu siku ya pili yake, asubuhi, mahamri yakiwa bado kwenye mafuta. Hakupiga kelele, aliniita jina tu, nikajua. Bi Fatuma alimshika mkono mmoja, mimi wa pili, tukamlaza kiti cha nyuma na kichwa chake kwenye mapaja ya mkwewe, vile vile kama ilivyokuwa mara ile ya kwanza. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mpaka Ukunda nilisikia kila kitu: wipa, mlango wa nyuma usiofunga sawa, pumzi za Riziki zikifupika. Nilikuwa nimelijua gari lile mpaka nikaliogopa zaidi. Tulipoikaribia Gazi, lori la mchanga lilikuwa mbele yetu likitambaa, likimwaga maji machafu kwenye kioo, na nyuma yangu Riziki akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu. Njia ya mbele ilikuwa wazi kidogo tu. Kwa pembeni ya jicho nikaona kwenye kioo cha kutazamia nyuma uso wa Bi Fatuma. Alikuwa akinitazama mimi.

"Kanyaga, mwanangu," akasema. "Kanyaga."

Nikashusha gia, nikakanyaga mpaka chini. Tukalipita lori, tukaipita Gazi, na sikugeuza kichwa. Hospitalini walimchukua moja kwa moja. Daktari alimpasua, kama alivyohofia, na kabla ya adhuhuri muuguzi akatoka akatuambia ni msichana, na kwamba amelia. Bi Fatuma akakaa chini sakafuni pale pale ukumbini, akanivuta kwa mkono nikae naye. Tulikaa hivyo muda mrefu, bega kwa bega, watu wakituzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

Nilirudi kesho yake na uji wa mtama. Wodi ilikuwa na harufu ya dawa na ya maziwa, na Riziki alikuwa ameinuliwa kwa mito miwili, mtoto mkononi, uso umemvimba kwa uchovu. Akanipokea kwa furaha ambayo sikuistahili. Akaanza kumsifu Mutua, akasema Omari akirudi lazima amwendee amshukuru, kwani ni fundi gani mwingine angehangaika vile siku tisa na gari la watu. Nikaweka uji chini. Nikamwambia yote: maji, sabuni, waya ya tatu, hapana ya kwanza na hapana ya pili. Nikamwambia kwamba siku zote zile alipokuwa akisukuma sahani, mimi nilijua, au niliweza kujua, na nilinyamaza kwa kuogopa aibu. Sikuacha kitu. Nilimwambia huku nikitazama shuka, kwa sababu kumtazama usoni sikuweza.

Mwanamke wa kitanda cha pili aligeuka akatutazama, kisha akageukia ukutani. Nje ya dirisha mtu alikuwa akiburuta ndoo juu ya saruji. Nilingoja anifukuze, nikahisi hata kwamba kufukuzwa kungenipumzisha.

"Mwanaisha," akasema mwishowe.

"Labeka, dada."

Alikuwa na machozi, na sikujua ni ya nini, wala hadi leo hajaniambia. Akalisogeza lile furushi kunielekea.

"Mshike," akasema. "Mkono wangu umekufa ganzi. Shika kichwa vizuri."